Pembetatu ya Mama Mabrouka

3 Novemba 1997, Bir Hlima

Nimefika jana alasiri na mizigo miwili, wa nguo na wa vitabu. Huu wa vitabu ameubeba Mama Mabrouka mwenyewe, hakukubali niuguse. "Mgeni hubebewa," akaniambia huku anahema, "kesho yake ndipo hupewa kazi." Na kweli. Leo kabla sijamaliza chai nimekabidhiwa ungo wa ngano nitoe mawe.

Nitakaa kwake msimu mzima wa zeituni. Yeye ni mjane asiye na mtoto, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Anajua kwamba nimetoka chuo kikuu cha Tunis, na kwamba nasoma habari za watu. "Watu wana habari gani?" aliniuliza. Sikuwa na jibu fupi, nikacheka.

Hapa nitaandika yale yasiyoingia kwenye kazi.

5 Novemba

Kazi yenyewe ni hii. Msimamizi wangu, Profesa Chedli Zarrouk, amenipa kielelezo nikijaribu kwa watu walio hai. Chukua watu watatu. Kati ya kila wawili weka mstari, wa kupatana au wa kukosana. Wote watatu wakipatana, pembetatu imetulia. Wawili wakipatana na wote wawili wakakosana na wa tatu, imetulia vilevile. Lakini mmoja akiwapenda wawili ambao wenyewe hawapatani, hapo hapakaliki. Kielelezo kinasema lazima kitu kibadilike: ama wale wawili wapatane, ama yule wa katikati aachane na mmoja wao.

Hakina majina, hakina mvua, wala hakijui nani kamnyonyesha nani. Nakipenda kwa sababu hiyo hiyo. "Si picha ya mtu, Sondes," Profesa hunikumbusha. "Ni kijiti kilichonyooka. Unakilaza kando ya maisha uone maisha yamepinda wapi."

6 Novemba

Nimeipata pembetatu yangu, na sikulazimika hata kutoka nje ya ua.

Nyumba ya Mama Mabrouka iko katikati. Kulia ni kwa mdogo wake, Laroussi. Kushoto kwa kitinda mimba wao, Tijani. Mama yao alifariki Tijani akiwa bado ananyonya, na dada mtu akawalea wote wawili. Kiangazi hiki Wided, binti wa Laroussi, alikuwa aolewe na mtoto wa Tijani. Mazungumzo yalikwisha, nguo zimeshonwa, binti akasema hataki. Akaolewa na mwalimu wa Sousse. Tijani hakuhudhuria harusi. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawasalimiani. Wakikutana njiani, mmoja huona mbingu na mwenzake huona viatu vyake.

Katikati yao Mama Mabrouka anapita kama hakuna kilichotokea. Leo anachuma kwa huyu, kesho kwa yule. Ijumaa huoka mkate wa tabuna, tanuri la udongo, wa nyumba tatu.

"Hawakukatazi?" nilimuuliza.

"Wanikataze nini? Nimewafuta kamasi wote wawili."

8 Novemba

Nimeanza kuchuma. Wanawake wanavaa pembe za mbuzi vidoleni na kuchana matawi kama wanavyochana nywele za watoto. Zangu zimeniachia malengelenge. Nimelala kama gogo.

10 Novemba

Kuchuma. Kuskusi kwa malenge. Basi.

13 Novemba

Leo tulikuwa katika mizeituni ya Tijani. Mchana tulikaa chini ya mti, wanawake na mikate yetu, mimi na karatasi zangu, na Naziha mke wa Tijani akaanza kunitania.

"Dada'angu, wewe kutwa unaandika, unaandika. Tumekuwa mashekhe hata tuandikwe?"

"Muandike Naziha," akadakia mmoja, "anakula pilipili ya harisa kwa kijiko!"

"Afadhali mimi na harisa yangu kuliko wewe unayekula watu," Naziha akamjibu, na wote wakaangua kicheko. Kisha akanigeukia. "Hebu tuambie nasi. Umetuona nini?"

Mama Mabrouka hakuwepo. Alikuwa amekwenda kisimani. Nami, kwa jinsi walivyonikodolea macho, nilijihisi mtu mkubwa. Nikaokota zeituni tatu, nikazipanga mkekani. Hii ni Laroussi, hii Tijani, hii Mabrouka. Nikawaeleza yote, na sikueleza vibaya. Naona niliwaeleza vizuri kuliko ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo Mabrouka atamwacha mmoja?" Naziha akauliza.

"Kwa mujibu wa kielelezo, mmoja ataachwa, au ndugu wapatane."

"Hawa hawapatani. Atamwacha nani?"

Hapo ningesema: kielelezo hakijui watu. Ningesema: hii ni njia ya kufikiri tu, si utabiri. Nayajua maneno hayo, huwafundisha watu wa mwaka wa kwanza. Badala yake nikasema, "Mstari mwembamba ndio unaokatika. Tazameni anakokwenda zaidi."

"Kwa Laroussi hukaa zaidi," Naziha akasema, na hakucheka tena. Alizitazama zile zeituni, kisha akaikunja mikono yake tumboni kama mtu anayesikia baridi.

14 Novemba

Mvua. Hakuna aliyetoka.

21 Novemba

Ijumaa. Mama Mabrouka ameoka, akanituma kwa Tijani na mikate iliyofunikwa kitambaa, bado inatoa mvuke. Tijani alikuja mlangoni mwenyewe. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye kusema kama anaomba radhi. Leo hakuomba radhi.

"Mrudishie."

"Ami Tijani, ni mkate wa Ijumaa."

"Najua ni mkate wa nini. Mwambie atoe jibu kwanza."

"Jibu la nini?"

"Wewe si ndiye mwenye elimu? Si ndiye uliyesema atachagua, na mimi ndiye mstari mwembamba?" Aliyatamka maneno hayo mawili kwa uangalifu, kama mtu anayetamka jina la ugonjwa aliopimwa. "Basi achague. Nisingoje kuachwa kama mzigo stesheni. Mtoto wangu ameachwa, yatosha."

Akafunga mlango.

Nimesimama njiani na ile mikate ikinichoma mikono. Halafu nimerudi nyumbani, Mama Mabrouka akauliza wamesemaje, nami nikamwambia hawakuwepo.

Hawakuwepo! Moshi wa jiko lao tulikuwa tunauona wote wawili.

Hakuuliza zaidi. Ile mikate tumeila sisi.

24 Novemba

Nimekwenda mjini El Jem kumpigia Profesa simu, maana ile ya dukani hapa kijiji chote husikiliza. Nilidhani nampigia ili anishauri nitengeneze vipi nilichoharibu. Nilipomaliza kusimulia alipiga kofi mezani. Nililisikia kwenye waya.

"Umeona! Mstari unaanza kukatika mbele ya macho yako. Wenzako hungoja miaka!"

"Lakini Profesa, mimi ndiye niliyewaambia."

"Wangejua tu. Umeharakisha. Sasa sikiliza, usiguse kitu. Usipatanishe, usieleze, usilie nao. Tazama tu."

Na mimi, njiani kurudi, nilikuwa na furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika: nilikuwa na furaha. Nilikuwa nikitunga kichwa cha sura.

28 Novemba

Sasa ni Laroussi. Huyu ni mnene, mcheshi, hupenda kuongea akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Amekuja baada ya sala ya Ijumaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye mstari mnene?" akaniambia, akijishika tumbo. "Hilo halikuhitaji chuo kikuu."

Nilicheka naye. Kisha dada yake akatoka jikoni na birika, akamgeukia, na mzaha ukamtoka usoni.

"Dada, nimesikia ndugu yako amekutaka uchague. Sikutaka mimi, amelianzisha yeye. Lakini maadamu limeanza, mimi nami nina uso. Kesho ukienda kuchuma kwake, kwangu usije."

"Laroussi, umekunywa nini?"

"Chai yako. Nayo ni ya mwisho, ukienda kwake."

Mama Mabrouka alicheka kidogo, akingoja naye acheke. Hakucheka. Laroussi alipoondoka, mama alibaki ameshika birika, chai inapoa.

29 Novemba

Hakwenda kwa huyu wala kwa yule. Amefua mablanketi yasiyo na uchafu.

4 Desemba

Jioni aliniita jikoni. Alikuwa anasaga viungo, lakini hakuwa anasaga, alikuwa anazungusha tu mchi.

"Binti yangu, wewe umesoma. Walikuwa wamenuniana, sawa, wanaume hununia hata mvua. Lakini walikuwa wananiacha nipite. Nani amenifungia njia?"

"Sijui, mama."

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! Alidhani naumia kwa ajili yake. Akanimegea halua, akaniambia nimekonda, mama yangu atamlaumu.

7 Desemba

Upepo wa kusini. Zeituni zinadondoka.

9 Desemba

Lipo shamba la tatu, la marehemu baba yao. Halikugawanywa. Kila mwaka nyumba zote tatu hulichuma mwisho, pamoja, na mafuta yake huwekwa kwa ajili ya Ramadhani, mwezi mzima. Mwaka huu kila mmoja anasema hakanyagi alipo mwenziwe. Upepo unaziangusha, na zikishalala chini hazichukui muda kuoza. Nilipita huko leo. Ardhi imekuwa nyeusi chini ya miti, na viatu vyangu vilirudi vinanuka mafuta machungu.

Mama Mabrouka anasema atalichuma mwenyewe. Nimemwambia hawezi, miti ni mikubwa. Akasema, "Basi njoo unishikie ngazi."

Nimesema nitakuja.

12 Desemba

Leo nilikwenda hadi kwa Tijani nimwambie. Nilikuwa nimejipanga: Ami, nilicheza na maneno, kielelezo hakina habari zako, dada yako hajakusudia kumwacha mtu. Maneno machache tu. Nilimsikia mtu ndani akifagia. Nikasimama. Halafu nikarudi.

Si woga. Ningependa iwe woga. Nilifika mlangoni nikawaza: nikisema sasa, sitajua ingeishaje.

Hilo ndilo lililonirudisha. Nimeliandika, na bado mkono haujakauka.

15 Desemba

Kila siku tunakwenda shamba la baba yao, yeye na mimi. Nashika ngazi. Anachuma, hasemi. Zamani alikuwa akiimba mpaka wanawake wa mashamba mengine wamwitikie.

18 Desemba

Baridi. Nimeamka na homa. Nimemwambia mama leo tupumzike, akasema Ramadhani haimngoji mtu, atachuma matawi ya chini tu. Nimelala.

20 Desemba

Hakuchuma matawi ya chini tu.

Ni juzi. Nilikuwa kitandani mpaka adhuhuri. Naziha ndiye aliyekuja akikimbia, kitambaa kichwani kimemvuka, akapiga dirisha kwa viganja vyote viwili. "Amka! Amka, ameanguka!" Nikatoka bila viatu. Mama Mabrouka alikuwa amelala chini ya mti mkubwa wa katikati, kwa ubavu wa kushoto, mguu umegeuka vibaya, pembe za mbuzi bado ziko vidoleni. Ngazi ilikuwa imelala kando yake. Mvua nyembamba ilikuwa inamnyeshea usoni na hakuweza kujifuta. Alikuwa ameita, Naziha anasema. Aliita kwanza upande wa Laroussi, kisha upande wa Tijani. Laroussi alikuwa kwenye kinu cha mafuta, hakusikia. Tijani alisikia.

Alisikia. Alikuwa anachuma ng'ambo ya ua wa mipungate, akaisikia sauti ya dada yake, sauti ile inayovuka bonde, na akadhani anamwita amalize kesi. Akadhani ndiyo siku ya jibu. Akaendelea kuchuma. Naziha ndiye aliyesema, "Huo si wito wa ugomvi," akatupa kapu akakimbia.

Nilipopiga magoti alinitambua. "Umetoka na homa," akasema. "Bila viatu."

Tumempakia nyuma ya gari la jirani juu ya nyavu za kuchumia. Njia yote hadi Mahdia alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake. Daktari anasema nyonga imevunjika, atamfanyia upasuaji. Atatembea, lakini si kama alivyokuwa akitembea.

Mimi ndiye niliyeahidi kushika ngazi. Lakini hata nisingekuwa na homa, hata ningeishika kwa mikono miwili, bado kosa ni langu: bila neno langu asingekuwa na sababu ya kuipanda peke yake. Nyumba tatu zingekuwa chini ya mti ule, zinataniana.

22 Desemba

Hospitali. Upasuaji umekwisha salama. Laroussi amekaa mwanzo wa korido, Tijani mwisho wake. Kila mmoja anaingia mwenziwe akitoka. Manesi wanadhani ni watu wasiofahamiana.

Tijani hali chakula. Anatazama mikono yake.

23 Desemba

Nimesema.

Walikuwa wametoka nje kwenye bustani ya hospitali, Laroussi anavuta sigara karibu na bomba, Tijani na Naziha kwenye benchi. Nilisimama kati yao, mahali ambapo wote wangenisikia.

"Ami Laroussi. Ami Tijani. Nina neno, na ninaomba mnisikilize wote wawili."

Laroussi akageuka. Tijani hakuinua kichwa.

"Mama Mabrouka hakukusudia kumwacha yeyote. Hakuna siku alisema, hakuna siku aliwaza. Lile neno la kuchagua lilitoka kwangu. Nililitoa kwenye kitabu. Kitabu kile hakizungumzi habari zenu, kinazungumzia watu watatu wasio na majina. Mimi ndiye niliyewabandika nyinyi."

"Ulisema ni elimu," Naziha akasema polepole.

"Nilisema hivyo nipate kusikilizwa. Wewe umebeba tu mzigo niliokutwika."

"Basi ulikosea," akasema Laroussi. "Watu hukosea. Mbona hukusema mapema?"

Hapo pangenitosha. Ningeweza kusema niliogopa, nao wangenielewa, wangenisamehe pengine.

"Kwa sababu nilitaka kuona itaishaje," nikasema. "Nilijua tangu siku mkate uliporudishwa. Aliniuliza nani amemfungia njia, nikamwambia sijui. Nilikuwa natazama."

Mtu alikuwa anafungua bomba, maji yakagonga ndoo.

Tijani ndiye aliyesimama kwanza. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata leo hakupaza. "Nilimsikia akiita," akaniambia. "Unajua? Nilimsikia dada yangu akiita nikaendelea kuchuma, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na mstari wako." "Alininywesha maziwa kwa kijiko, yule. Kwa kijiko."

"Alikula mkate wetu," Laroussi akasema, akiitupa sigara. "Amelala kwetu, amepewa blanketi la marehemu mama, na sisi ni kete zake! Anatusogeza, anaandika!"

Tijani akamgeukia. Ni neno la kwanza tangu kiangazi.

"Umesikia, kaka?"

"Nimesikia."

Wakawa wamesimama bega kwa bega wakinitazama mimi, mnene na mwembamba, na uso wao ukawa mmoja. Sikuwahi kuona kwamba wanafanana. Naziha akaenda akasimama nao.

"Baada ya kesho kutwa usionekane Bir Hlima," akasema Laroussi.

Baadaye, usiku huohuo

Kuna jambo linanisumbua kuliko hasira yao. Wawili wakipatana na wote wakakosana na wa tatu, pembetatu imetulia. Nililiandika hapa mwezi uliopita. Je, nilipokuwa nimesimama pale bustanini, nilikuwa sijui? Nilisema "nilitaka kuona" kwa sababu ni kweli. Lakini nilichagua kusimama katikati, wote wanisikie, na nilipoona Laroussi yuko tayari kunisamehe, nikaongeza. Nilitubu, au nilisogeza kete nyingine?

Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sijui. Safari hii nikisema sijui, sijui kweli.

25 Desemba

Wako shambani kwa baba yao tangu alfajiri, nyumba mbili, wanawake na nyavu na ngazi zote. Nawaona kutoka dirishani nikifunga mizigo. Hawataniani bado. Lakini Laroussi anapopanda, Tijani ndiye anayeshika ngazi.

26 Desemba, Mahdia

Nimepita hospitali kumuaga. Walikuwa wamekwishamwambia. Nilijua kwa jinsi alivyoyavuta mashuka aliponiona, kama mwanamke anayejisitiri mbele ya mgeni.

Nikakaa. Nikamwambia naondoka. Nikamwambia ninaomba msamaha, na neno likaonekana dogo pale juu ya kitanda kile.

"Laroussi amenieleza," akasema. "Sikumfahamu vizuri, maana anatukana kila baada ya neno. Ile pembetatu sikuielewa. Nina swali moja tu, unijibu, kisha uende."

"Niulize, mama."

"Siku zile tulizokuwa tunalala chumba kimoja. Ulitaka nimwache mmoja wao?"

Ningesema hapana. Alikuwa mgonjwa, alikuwa na haki ya kupata hapana.

"Siku nyingine, ndiyo," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, na sikuthubutu kumfuta.

"Ulipokuwa na homa," akasema, "nilikuwa nakuombea kama nimekuzaa. Mimi huwa sijui kumwacha mtu, binti yangu. Sikufundishwa. Nitajifunzia kwako."

Akageuza uso ukutani.

Nimeketi kidogo, kisha muuguzi akaja kumbadilisha bandeji, nikatoka.

2 Januari 1998, Tunis

Ramadhani. Mama yangu amepika supu ya shorba na sambusa za briki. Akauliza, "Watu wa huko wakoje?" Nikasema wazuri. Akasema umekonda, hawakukulisha? Nikatoka mezani.

7 Januari

Kwa Profesa. Nimemweleza yote, hata ya bustanini. Alivua miwani akaniangalia kama mtu anayeangalia zawadi.

"Unaona ulichokileta? Mtazamaji ndiye kona ya nne! Hiyo si sura, Sondes, hicho ni kitabu. Badili majina, badili kijiji."

"Sitaandika."

"Utakuwa umewaumiza bure, basi."

Sentensi hiyo nimekaa nayo tangu asubuhi. Ni sentensi ya mtu mwerevu. Huenda hata ni ya kweli: kwamba ningeandika wazi jinsi kielelezo kinavyoweza kumng'ata aliyekishika, mwanafunzi mwingine asingepanga watu mkekani. Lakini nikiandika, Mama Mabrouka atakuwa ameanguka kwa faida yangu. Nimemwambia Profesa nitatafuta mada nyingine. Amesema nina huzuni ya kupita.

11 Januari

Duka la Bir Hlima lina simu. Leo baada ya futari nimepiga. Nilitaka tu muuza duka anipe habari, nikate. Lakini kijiji chote kiko dukani wakati huo, na nilipotaja jina langu nikasikia mtu akiitwa, kisha hatua.

"Nani?" Alikuwa Tijani.

"Sondes, Ami."

"Yuko nyumbani," akasema. "Anatembea kwa fimbo hadi jikoni. Anakula. Mguu mmoja umekuwa mfupi."

"Alhamdulillah. Na..."

"Hajakutaja. Usipige tena."

"Sitapiga."

Nilidhani ameweka chombo chini. Kulikuwa na kelele za watu nyuma yake, na sauti nene ya Laroussi ikimhimiza aharakishe, dada anawangoja na kahawa.

"Jana tumekamua za baba," Tijani akasema. "Nyingi zilikuwa zimeoza. Tumepata kidogo."

Akakata.

Nimekaa na chombo mkononi hadi kikaanza kulia. Amesema tumekamua, si nimekamua.